Mpini wa Mpingo kwenye Birika la Kifaransa

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kama ya jana. Nilikuwa msichana wa kazi katika nyumba moja kule Muaither, hapa hapa Doha, umri wangu pengine kama wako sasa, na nilikuwa nimesimama mbele ya meza ndefu ya jikoni nikifuta vyombo vya fedha. Nisemapo fedha sisemi pesa ya mfukoni. Nasema madini yenyewe, meupe, laini, yenye ubaridi wa maji ya mtungi. Palikuwa na sinia, vijiko vilivyochongwa kombe la pwani mgongoni, bakuli la sukari lenye miguu ya simba, na mabirika mawili, moja kubwa na moja dogo. Vyote vilinunuliwa Paris na mume wa Mama Kubwa walipokuwa vijana.

Mama Kubwa ndivyo tulivyomwita bibi mwenye nyumba. Alikuwa mjane, mzee wa kutembea kwa kushika ukuta, mwenye ulimi mkali na kicheko cha karibu. Nyumba iliendeshwa na binti yake, Mama Nura. Nura mwenyewe, mjukuu, ndiye aliyekuwa anaolewa baada ya majuma machache, na ndiyo sababu vyombo vikatolewa kabatini.

Ukoo ule ulikuwa na desturi yake. Kahawa ya wageni ilimiminwa kwa dalla, lile birika la Kiarabu la mdomo mrefu, kama nyumba zote za Doha. Lakini asubuhi ya harusi, kabla bibi harusi hajavishwa, mwanamke mkubwa kuliko wote ndani ya nyumba alichemshiwa maziwa ya zafarani na iliki, yakatiwa katika lile birika kubwa la Kifaransa, naye akammiminia bibi harusi kwa mkono wake mwenyewe. Mama Kubwa alimmiminia Mama Nura, akawamiminia na dada zake. Sasa ilikuwa zamu ya mjukuu. Hakuna aliyelisema, lakini sote tulijua kwamba huenda ikawa mara yake ya mwisho.

Laiti ungeliona birika lile! Tumbo lake lilikuwa kama peasi, limesimama juu ya miguu mitatu, na mwilini mwake mistari ilipanda ikijipinda kutoka chini hadi shingoni, kama kitambaa anachokikamua mtu. Juu ya kifuniko palikaa ua dogo lisilofunguka bado. Mpini wake haukuwa nyuma, kama ule wa mabirika yetu. Ulitoka ubavuni, umenyooka, wa mbao nyeusi tii.

Mpini huo ndio uliokatika. Mama Nura alilinyanyua birika kuwaonyesha dada zake jinsi litakavyobebwa, tukasikia mlio kama wa ukuni mkavu, na birika likaangukia zulia. Hakuna aliyekosea, mwanangu. Mbao ilikuwa imezeeka, na miaka mingi ya kiyoyozi ilikuwa imeinyonya hadi tone la mwisho. Kishindo hakikuwa kikubwa. Mama Kubwa aliomba aletewe kile kipande, akakiweka mapajani, akawa anakipapasa kwa kidole gumba.

Siku ile ile Mama Nura alikwenda Al Sadd kwa fundi wa fedha, mzee mmoja wa Kishami aitwaye Munir. Alirudi uso umemshuka. Munir alikuwa amemwambia ukweli: penye bonde patanyooshwa, penye ufa wa fedha patazibwa, lakini mbao si kazi yake. Angeweza kulipeleka birika Ufaransa, ila harusi ingepita kabla halijarudi. Au angeweza kuweka mpini wa plastiki nyeusi.

"Plastiki!" alisema Mama Kubwa. "Nimpe mjukuu wangu baraka kwa plastiki? Lirudisheni kabatini. Mambo yana mwisho wake."

Akageuza uso ukutani. Mama Nura akatoka chumbani akilia, na mimi nikaachwa nikiokota vijipande vya mbao kwenye zulia.

Hapo ndipo nilipokiona kile ambacho sikukitafuta. Kipande kimoja kilikuwa kimepasuka kwa urefu, na ndani yake weusi ulikuwa na zambarau kwa mbali, kama ngozi ya biringanya. Nikakinusa. Mwanangu, ipo harufu ambayo mtu hawezi kuikosea hata apelekwe mwisho wa dunia.

Baba yangu alikuwa mchongaji. Kwao ni Newala, lakini mimi nilikulia Dar es Salaam, pale Mwenge, penye vibanda vya wachongaji. Nimelala juu ya vumbi la mpingo, nimepikiwa kwa mabaki ya mpingo, hata shati langu la shule lilikuwa na vumbi la mpingo mfukoni. Kazi yangu kibandani ilikuwa kupiga msasa, maana watu walisema patasi si ya mwanamke. Wateja wakishaondoka, baba alinisogezea kigogo na kunikabidhi patasi. "Chonga," alisema, "mti hauulizi nani kaushika." Nilipopata nafasi ya kuja Doha, niliyafunga yote hayo kama mtu anavyofunga nguo alizokuwa akivaa utotoni. Nilijiambia kwamba sasa mimi ni mtu wa nyumba safi na sakafu zinazong'aa.

"Huu ni mpingo," nilijisemea jikoni, nikikiweka kipande mezani. Sikujua kwamba Bi Rukia alikuwa nyuma yangu.

Bi Rukia alikuwa mpishi, mwana wa Mombasa, Mji wa Kale hasa. Aliingia nyumba ile kabla Nura hajazaliwa, na hata Mama Nura alipunguza sauti mbele yake.

"Hebu rudia ulosema," aliniambia.

"Nimesema ni mpingo, Bi Rukia. Baba yangu anauchonga."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa napiga msasa tu."

"Mwongo wee! Mwiko wangu ulipovunjika, n'nani alonichongea mwengine? Ulichongwa na msasa ule?"

Niliinamisha kichwa. Mwiko ule nilikuwa nimeuchonga Ijumaa moja kwa kisu cha kumenyea viazi, kwa kupitisha muda tu.

"Sikiza, mwanangu," alisema, na sauti yake ikawa ya chini, ndiyo maana ilinichoma zaidi. "Mola kakupa mikono ya kazi, nawe waificha nyuma ya kitambaa cha vumbi. Waogopa nini? Usiache mbachao kwa msala upitao. Kazi hii ya nyumba za watu ni msala, yapita. Alokupa babako ndiyo mbacha wako, mkeka wako mkuukuu. Nenda kamwambie Mama Kubwa."

"Nikishindwa je? Si watanirudisha nyumbani?"

"Na usipojaribu, hujashindwa? Hapo pana tafauti gani?"

Akanichukulia kitambaa mkononi mwangu, akakitia kwenye ndoo. Nikabaki nimesimama mikono mitupu, sina pa kuiweka. Nimekemewa mara nyingi maishani, lakini hakuna kemeo lililonisimamisha wima kama lile.

Nikaenda. Kiarabu changu wakati huo kilikuwa cha jikoni: leta, ondoa, moto, baridi. Nilisimama mlangoni kwa Mama Kubwa, Mama Nura akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, nikasema kadiri nilivyoweza kwamba naujua mti ule, baba yangu anauchonga, na mimi naweza kutengeneza mpini.

Mama Nura alinitazama kwa huruma zaidi kuliko hasira. "Somoe, asante. Lakini wewe ni mtu wa usafi. Hiki si chombo cha kujaribia."

Nilikuwa tayari nimeshageuka niondoke. Mama Kubwa akasema, bado ameelekea ukutani, "Baba yake anachonga nini?"

"Bakora, Mama. Na ndege, na masanduku." Sikutaja sanamu za watu waliobebana mabegani, ambazo ndizo hasa kazi yetu Wamakonde. Si kila neno ni la kila baraza.

Akageuka, akaninyooshea mkono. "Lete hiyo mikono." Akaipindua viganja juu, akavibonyeza kama anayechagua embe. "Sasa kuna nini kingine cha kuharibika?" alimwambia binti yake. "Kimeshavunjika. Mpe."

Ndivyo nilivyopewa. Na nikutahadharishe, mwanangu: kuomba nafasi ni jambo moja, kuipata ni jambo lingine kabisa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nilikuwa nimeshavua.

Shida ya kwanza ilikuwa mti wenyewe. Wafula, dereva wetu, Mkenya wa Bungoma, alijitolea kuuliza Watanzania wote aliowajua, kama yuko anayerudi kutoka likizo alete kigogo. Nilimkataza. Mpingo mbichi ukiletwa kwenye hewa kavu ya Doha hupasuka wenyewe ukiwa umewekwa tu. Ulihitajika mti uliokauka miaka na kuizoea hewa ya hapa. Na mti wa namna hiyo nilikuwa nao. Baba alinichongea mchi wa mpingo siku nilipoondoka, wa kutwangia viungo, akasema popote nitakapokuwa nisikose mchuzi wenye ladha. Mchi huo ndio ulikuwa kitu changu pekee kutoka nyumbani.

Nilimpigia simu.

"Baba, nataka kuukata ule mchi."

"Umekukosea nini?" aliuliza, akicheka.

Nikamweleza yote, birika, bibi harusi, plastiki.

"Mchi nitachonga mwingine," alisema. "Sikia. Mpingo hauogopi chuma, unaogopa haraka. Kabla hujautia msumeno, mtazame kwanza aliyeuchonga ule uliovunjika. Naye alikuwa fundi mwenzetu. Mtazame mpaka ujue alikuwa anafikiri nini, ndipo uanze."

Basi sikuanza kwa kukata. Nilianza kwa kutazama. Lile birika dogo mpini wake ulikuwa mzima, nikaliweka mbele yangu kila mchana nyumba ilipolala, nikalizungusha. Mwanzoni niliona kijiti tu chenye pete mbili za kuchongwa. Siku ya pili nikaona kwamba kijiti kile kinanenepa na kukonda. Baadaye ndipo nikashtuka: unene ule ulikuwa ni tumbo la birika lenyewe! Fundi yule alilichukua umbo la fedha akalirudia kwa mbao, dogo, limelazwa, ili jicho likitoka kwenye birika kwenda mkononi lisijikwae. Nilicheka peke yangu jikoni. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na wakati mwingine aliyeviunda amefumba ndani yake mambo ya kumfurahisha fundi mwenzake atakayekuja baada ya miaka mia.

Wafula alinipeleka Al Sadd, birika mapajani, nikamwone yule fundi wa fedha. Nilidhani atanifukuza. Badala yake alinivutia kiti, na tangu siku ile sikumwita kwa jina lingine ila Ami Munir. Alinionyesha chini ya birika alama ndogo ya kichwa cha mwanamke aliyevaa kofia ya vita, akanipa kioo cha kukuzia nikaona hadi pua yake. "Huyu ni shahidi wao," aliniambia. "Pakiwa na huyu, Wafaransa wanasema fedha hii ni safi, tumeipima." Akaniambia mistari ile iliyojipinda ilikuwa fasheni ya enzi za wafalme wao, wajukuu wakaipenda wakairudia, kama watu wanavyorudia mitindo ya kanga za bibi zao. Mpini uliwekwa ubavuni ili anayemimina asipinde kifundo cha mkono, na ukawa wa mbao kwa sababu fedha hupitisha moto upesi kuliko kitu chochote cha mezani.

"Na mbao hii waliitoa wapi?" nilimuuliza.

"Ng'ambo. Afrika, Madagaska, kote zilikokwenda meli zao. Mti hauna chapa, binti yangu, siwezi kukuapia."

Mimi pia sikuapii, mwanangu. Pua yangu tu ndiyo iliyosema ni wa kwetu. Nilirudi Muaither nimenyooka mgongo. Miaka yote ile nilikuwa nafuta vyombo vile nikidhani mimi ni mgeni mbele yao, kumbe huenda kipande cha Newala kilifika katika meza zile kabla babu yangu hajazaliwa.

Kuukata mchi kulitutoa jasho. Wafula alinishikia, tukiwa kwenye kivuli cha gereji, na msumeno ukawa unateleza.

"Dada Somoe, hii mti ni ngumu kushinda chuma! Aki msumeno inalia kabla mti ilie. Na ikivunjika? Si sisi wote tunafutwa?"

"Shika tu, kaka. Polepole."

Ncha ya kutwangia ilikuwa na ufa, kwa hiyo mchi ule ungetoa mpini mmoja, basi. Sikuwa na wa pili wa kukosea. Nikafanya kama nilivyofundishwa: kisu kwanza, kisha patasi ndogo, kisha tupa, natoa vumbi tu, sitoi kipande. Bi Rukia alinichukulia kazi zangu za mchana bila kuombwa. Alipopita alitupa jicho akasema "Mti hauendi ila kwa nyenzo," akasukuma mbele yangu kikombe cha chai.

Umbo lilipokaribia, nikagundua jambo ambalo birika dogo lisingeweza kuniambia. Niliviunga vipande vya mpini wa zamani kwa uzi, nikaona karibu na pete ya kwanza pana bonde dogo. Halikuchongwa. Lililika. Hapo ndipo kidole gumba cha Mama Kubwa kilipokaa miaka yote, harusi baada ya harusi, na siku za kawaida alipojimiminia peke yake.

Ami Munir alikuwa ameniambia niuchonge kama ulivyokuwa mpya, na kama fundi alisema kweli. Kazi ya mtu huheshimiwa. Lakini nilikikumbuka kile kidole kikipapasa kipande mapajani. Nikaenda kwa Bi Rukia, nikachukua donge la unga wake wa chapati, nikaliviringa kama mpini, nikampelekea Mama Kubwa.

"Shika, Mama, kama unavyomimina."

Hakuniuliza kwa nini. Akashika. Alama ya kidole ikabaki kwenye unga, pana na ya pembeni kidogo, kwa kuwa uzee ulikuwa umekipinda kile kidole. Nikalichonga bonde lile kwa kuifuata alama, la kina kidogo sana, jicho lisilione, kidole kilione. Umbo la Mfaransa nikaliacha kama alivyolipanga.

Siku ya kutoboa tundu la msumari unaoushika mpini, nililipeleka birika kwa Ami Munir. Alikuwa ameshalinyoosha lile bomba fupi la fedha lililo ubavuni, ambamo mpini huingia. Nilikuwa nimeupitisha mpini humo mara nyingi, nimelipaka bomba moshi wa mshumaa kwa ndani ili pale mbao inapogusa ibaki alama nami nipunguze hapo tu. Sasa uliingia kama kidole katika pete. Ilibaki tundu. Mpingo hupasukia hapo, mwanangu, mwishoni kabisa, mtu akishajiona amefika.

Ami Munir alishika keke, mimi nikashika birika. Mikono yake ilikuwa imara, yangu pia. Nilihesabu pumzi zangu. Unga mweusi ukawa unatoka mwembamba, mwembamba, mara sindano ya keke ikatokeza upande wa pili. Tukatulia tukisikiliza. Hapakuwa na mlio. Akapenyeza msumari mwembamba wa fedha, akaugonga mara moja kwa nyundo ndogo, akanitazama juu ya miwani yake.

"Baba yako yuko hai?"

"Yuko hai, Ami."

"Mwambie Munir wa Doha anamsalimia."

Niliupiga mpini msasa, mwembamba hadi ule wa mwisho unaohisika kama ngozi, kisha nikausugua kwa mafuta ya nazi na kitambaa mpaka ukaanza kutoa mng'ao wake wenyewe. Mpingo haupakwi rangi. Ukiusugua kwa subira, unang'aa wenyewe.

Asubuhi ya harusi chumba cha wanawake kilijaa hariri, udi na kelele. Nura aliketi katikati, bado na nywele mbichi za hina. Bi Rukia alichemsha maziwa, akayatia, na mimi nikalibeba birika kwenye sinia hadi mbele ya Mama Kubwa, kisha nikarudi mlangoni nikasimama nyuma ya Bi Rukia. Mama Nura alimwinamia mama yake. "Mama, ni zito na ni la moto. Nikusaidie?"

"Kaa chini," alisema Mama Kubwa.

Akanyoosha mkono. Ulikuwa unatetemeka, kila mtu aliuona. Akaukamata mpini. Nikakiona kidole gumba kikitafuta, kikitambaa juu ya mbao, kikafika kwenye bonde, kikatulia. Na mkono mzima ukatulia nacho. Akalinyanyua birika limejaa, mvuke ukitoka mdomoni mwa chombo, akalishikilia hewani akitabasamu kama mtoto aliyeshika samaki, halafu akamimina. Maziwa yalitoka kwa uzi mmoja wa manjano hadi kikombe kikajaa, na hakuna hata tone lililoanguka nje.

Nura alikipokea akilia na kucheka. Vigelegele vikapasua dari, na aliyepiga cha juu kuliko wote alikuwa Bi Rukia, mbele ya sikio langu, hadi leo nadhani kimebaki humo ndani.

Mama Kubwa hakuliweka birika chini. Alinyamazisha watu kwa jicho, akauliza, "Yuko wapi mwenye mikono?"

Nilisukumwa mbele. Nilikuwa na aproni yangu, na unga kwenye kiwiko. Akamimina kikombe cha pili, kile ambacho kwa desturi kilikuwa cha mama wa bibi harusi, akanipa mimi. Nilimtazama Mama Nura kwa hofu. Naye akasimama, akanishika bega, akasema mbele ya wote, "Kunywa, Somoe. Nilisema si chombo cha kujaribia, na nashukuru hukunisikiliza." Nikanywa. Sijanywa kitu kitamu kama kile, na nimeshakula katika meza nyingi.

Yaliyofuata unayajua, maana umenikuta nayo. Ami Munir alikuja mwenyewe Muaither kuniomba, na Mama Nura hakunizuia. Alinisimamia hadi vibali vyangu vikahamishwa. Nikapata benchi katika lile duka la Al Sadd, nikatengeneza mipini ya mabirika, vishikio vya vifuniko, vipini vya visu vya karamu. Chombo cha kale kikivunjika mbao katika nyumba za mji huu, wanasema, mpelekeeni Mama Somoe. Nimejifunza mitindo ya Wafaransa, ya makombe, ya majani, ile iliyonyooka ya baadaye isiyo na ua hata moja, na kila mmoja nimeupenda kama lugha mpya. Picha ya birika lile nilimpa mtu aliyekuwa akienda likizo, akampelekea baba Mwenge. Baba aliipeleka kibanda kwa kibanda. Kwa wale wazee waliosema patasi si ya mwanamke, aliiweka mbele yao, akakunja mikono, akasema, "Haya, semeni tena." Niliambiwa walicheka, wakampa mkono, na tangu mwaka ule wasichana kadhaa pale hawapigi msasa tu.

Sasa nikuambie lililonifanya nikuweke kitako leo. Wewe umekuja Doha kama sisi sote, kufungua milango ya hoteli, kulinda majengo, kuendesha magari ya watu, kulea watoto wa watu. Ni kazi halali, ifanye vizuri wala usiionee aibu. Lakini usije ukadhani kwamba ulizaliwa siku ulipopanda ndege. Kuna kitu ulichofunzwa kwenu, kusuka, kuimba, kushona, kuponya mifugo, hata kama ni kupika uji usioshika vidonge, na umekifunga ukidhani hapa hakina soko. Kifungue. Kitie mikono kila wiki kisije kikakauka kikakatika. Ukikutana na kazi ya fundi wa taifa lingine, usiitazame kwa unyonge wala kwa dharau. Itazame mpaka umwone mtu aliyeitengeneza, kisha mfuate nyayo, na ukishafika mwisho wa nyayo zake uongeze hatua yako moja ndogo. Na mtu mzima akikunyang'anya kitambaa mkononi, usikasirike, mwanangu. Jiulize anakuachia mikono ili ushike nini. Chanda chema huvikwa pete, lakini lazima kwanza kinyooshwe, kionekane.

Nenda basi, Mungu akutangulie. Akupe macho ya kuona na subira ya kusubiri, akuondolee woga usio na faida. Rizki yako iwe pana, na jasho lako lisiliwe na mwingine. Waliokufundisha wapate kusikia habari zako wakiwa hai, na kila mlango utakaougonga katika mji huu, ukufungukie ukiwa umesimama wima. Amina.